Meno Arobaini na Tatu

Mwangaluka, nikasema, naye fundi Igangula
akamwitikia kaka yangu.
Akamkunjulia yeye gunia, akampangia yeye vyuma.
"Hii ya meno thelathini na sita, bwana mkubwa,
ukifunga hii, Sikonge hadi Tabora mjini
chai uliyoagiza utaikuta bado na mvuke."
Mihayo akacheka, akaigeuzageuza
kama mtu anayechagua saa ya mkononi.
Baiskeli ni yangu.

Nimeinunua kwa misimu miwili ya nta.
Injini niliipata kwa masista, ya kukatia majani,
hadi leo ikipata moto inanuka nyasi.
Wale wawili hawajawahi kuisukuma.

Mimi najua dumu la lita ishirini la asali
si kilo ishirini. Ni ishirini na nane.
Maji hayana habari hiyo. Mizani ya ushirika inayo,
na magoti yangu.
Madumu mawili nyuma, panga, bomba la moshi,
na ule mchanga ukishapita Ipole
unaofunguka chini ya tairi kama unga wa muhogo,
pale ambapo mwezi wa saba cheni ilikatika,
ikajizungusha, ikang'oa spoku nne,
nikasukuma mpaka jogoo wa watu wakaniwikia.

Nikachuchumaa penye gunia.
Kwenye injini meno ni kumi, nikasema. Nipe ile kubwa.
"Ya arobaini na nne? Hiyo ya kupandia mlima, mama.
Huku kwetu kuna mlima gani?"
Asali, nikamwambia. Mlima naupakia mwenyewe.

Hapo ndipo alipoanza kuongea na mimi,
tena kwa bei.
Sproketi kubwa inameza cheni, haitoshi hii ya zamani,
na pingili chakavu usiziunge na mpya, zitatafunana.
Halafu hivi vipande vya tairi vinavyobana spoku, avitupe,
aniwekee kitovu cha chuma
alichochongesha kwa jamaa wa karakana ya reli.
Kila sentensi elfu kumi na kitu.
Nilikuwa na arobaini na tano kwenye pindo la kitenge,
na humo tano ni za madaftari ya Nyanzala.

Kitovu kikabaki kwenye gunia.
Nikachukua cheni, ile nene, na sproketi,
kisha nikaomba chaki.

Nikahesabu. Arobaini na tatu.
Mihayo akasema nimeruka.
Nikarudia kuanzia kwenye alama:
arobaini na tatu, na pale palipotakiwa kuwa na jino
kisiki, kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Igangula akainama kutafuta nyingine chini ya benchi,
akatafuta kwa muda mrefu sana
kitu alichojua hakipo.
Akatoa elfu sita.

"Pikipiki zote zitakupita," kaka akasema njiani.
Zinanipita kweli. Jumanne nilipitwa hata na trekta
la watu wa tumbaku, dereva akanipungia.
Ila mchangani sikushuka.
Injini ilinuna, ikazungumza kwa sauti nene, ikaenda.

Na kila gurudumu likitimiza mzunguko,
pale kwenye kisiki,
cheni inasema tk.
Wiki ya kwanza ilinikera hadi usingizini.
Siku hizi nahesabu.
Kutoka njia panda hadi kwenye mtundu
wenye mzinga wangu wa kwanza: tk mia tisa na kumi na mbili,
baiskeli ikiwa tupu.
Nikirudi na madumu, njia ile ile,
mia tisa na ishirini na moja.
Nadhani ni tairi, linalala kidogo kwa uzito.
Nimemwambia Nyanzala aandike zote mbili
nyuma ya daftari la hesabu.