Kidole

Nimeiona Darajani, kwenye pakiti ya karafuu:
Bi Mwatima wa Mtambwe, pakacha ubavuni,
jicho moja kalifumba kwa jua.
Picha yangu. Naijua kama kovu la goti langu:
pale pembeni, ukungu mdogo,
ni kidole changu kilichoteleza mbele ya lenzi
mwaka ule wa mavuno makubwa.
Jina langu wamelikata,
kidole wamekiacha.

Nikaandika barua, nikaipeleka kwa mkono mpaka Malindi,
negativu mfukoni, nimeifunga kwa karatasi ya maandazi.
Bwana Haroub akacheka:
"Kivuli hakina mwenyewe."
"Basi kauze karafuu zako bila kivuli."
Miezi mitatu ya njoo kesho, njoo Jumatatu,
wakili, mhuri, stakabadhi.
Akalipa.

Nikavuka Pemba na noti zangu,
nikamsomea Bi Mwatima hukumu, kifungu kwa kifungu,
nimesimama, kama khatibu.
Yeye yuko jamvini, anachambua,
vikonyo huku, karafuu huku.
Hakuinua kichwa.

"Kidole wamekilipa zote hizo," akasema.
"Na uso?"