Bahari ya Mnyambe

Miye nilikuwa wimbi. Upande wa kulia.
Sina hata neno moja la kusema mchezoni,
kazi yangu kushika pembe ya turubai la buluu,
lile lile la kuanikia korosho,
na kulitikisa mpaka meli izame.

Ghala la chama lilikuwa tupu, msimu umekwisha,
ila kuta zilikuwa bado zinanuka mafuta ya maganda,
yale yanayobabua vidole.
Mwalimu Nandonde alituambia: mchezo wa Kizungu, wa kale,
pacha wamepotezana majini,
dada akavaa suruali akaitwa kaka,
na vichekesho vyote vimezaliwa na suruali hiyo.
Tukauliza, mwalimu, bahari tutaipata wapi
huku juu Newala, ndoo shilingi mia tano?

Akainunua. Ndoo moja.
Akammwagia Sikujua kichwani, chwaa!
mbele ya watu mia mbili.

Hakuna aliyecheka.
Ghala zima lilivuta pumzi kama mtu mmoja,
na Bi Somoe Mkwemba, mstari wa mbele, akainuka:
"Maji hayo, jamani! Maji!"

Tajiri wa mchezo, mwenye kupenda asipopendwa,
kiti chake kilikuwa mizani ya magunia.
Akapanda, akaapa kwamba mapenzi yake mazito;
mshale ukayumba, ukatua kilo hamsini na mbili.
"Toa unyaufu!" sauti ikatoka gizani.
"Toa na uzito wa gunia!"
Hapo tukacheka, tukacheka mpaka bati likaitika,
karani wa chama naye akacheka
akitazama viatu vyake.

Pacha walipoonana mwishoni hawakukumbatiana.
Kaka alishika upindo wa shati la dada, akaukamua.
Likadondoka tone.
Basi.

Usiku wa pili Bi Somoe alikuja na beseni.
Akaliweka jukwaani kwa mkono wake, taa hazijawashwa,
akarudi kukaa.
Mwalimu alilitazama, hakuliondoa.
Sikujua akazama humo humo, amechuchumaa,
magoti yamegusa kidevu,
na watu wakapiga makofi
kama waliomwona ameokoka kweli.

Nilipokuwa nakunja turubai langu
nikaiona bahari inatoka mlango wa nyuma,
kichwani kwa Bi Somoe, taratibu, kushika njia ya nyumbani.
Ameiwekea jani la mgomba juu
isicheze.