Nyuma ya Stakabadhi

Fidea, nimeandika nyuma ya stakabadhi ya korosho,
karatasi nyingine sina.
Jumamosi. Saa kumi na moja, kabla ya jogoo wa Chikoti.
Maji, lita tatu. Mihogo ya kuchemsha,
chumvi nimeifunga kwenye kikaratasi.
Kamba ya katani: mbuzi atashinda ndani.

Njia nimeiulizia. Muuza mkaa kasema
tupite makaburini, kisha kwenye mianzi,
kisha “mtaona wenyewe.”
Juu hapana mtu. Pimbi tu,
na jiwe moja linalolia ukilikanyaga.

Miaka thelathini hapa Masasi
mlima umesimama nyuma ya jiko letu,
tunaanika nguo tukiutazama,
tunasema, “Mvua imeshika kule, anua.”
Hata siku moja hatujaupigia hodi.

Goti lako la kushoto nimelihesabia:
kila kivuli, dakika kumi.
Viatu vaa vile vya msibani, vina soli.

Saa ya kurudi nimeiacha wazi.
Ukiamka usiku kunywa dawa,
kalamu iko kando ya koroboi.
Jaza wewe.
Au chora mstari tu, nitaelewa.