Kodi ya Kiwanja

Mwalimu wa siasa aliandika ubaoni kwa chaki nyekundu:
Mamlaka kuu ni neno la mwisho
lisilo na neno jingine juu yake.
Tukanakili. Nje, kunguru wa Tudor
walikuwa wakigombania jaa,
na neno la mwisho halikuonekana.

Nikamkumbuka bibi yangu, Mwanatumu wa Majengo,
mwenye nyumba isiyo na ardhi.
Kuta zake. Makuti yake, kisha mabati yake.
Mlango alioununua kwa mikufu miwili.
Lakini mchanga ulio chini ya kitanda
ni wa mtu ambaye hatujapata kumwona sura.

Kila tarehe tano karani Msellem alipiga hodi.
Bibi hakumwambia karibu.
Alimlipia kizingitini,
mguu mmoja ndani, mmoja nje.
"Nti yake ikomele hapa," husema. "Humu nasema mimi."

Risiti zilikaa katika kopo la biskuti.
Siku moja nilizimwaga mkekani, nikazipanga kwa miaka:
stempu ya mfalme,
stempu ya malkia,
kisha ngao na mikuki.
Sultani simwoni hata mara moja,
naye bendera yake ndiyo iliyopepea Ngomeni,
na mwambao, kwa maandishi, ulikuwa wake.
Mwingereza alikuwa mpangaji tu,
akipeleka kodi Unguja kila mwaka
kama bibi na karani wake.

Ila mpangaji yule aliweka askari.
Bibi yangu aliweka ufagio.

Nilimsomea mkataba: maili kumi,
zikipimwa tangu maji yajaapo.
Akaacha kuchambua mchele.
"Na yakipwa?
Pale kati, penye kaa na magome ya chaza,
ni kwa nani?"
Sikuwa na jibu. Sinalo bado.

Mwaka ule wa mwisho alikuja mpima ardhi
na vigingi vyake, na barua ya mrithi wa yule tusiyemjua.
Kiwanja kimeuzwa. Kuta hazikutajwa,
kana kwamba tulikuwa tumelala hewani miaka sitini.
Jua lilikuwa la utosi. Kijana wa watu
alikuwa akitota jasho, kamba mkononi.
Bibi akamtolea maji mlangoni.

"Kunywa, mwanangu. Maji ni ya serikali.
Kata ni yangu.
Kiu ni yako."

Akanywa. Akarudisha kata kwa mikono miwili.
Halafu, mwenye barua na mhuri na vigingi,
akavua viatu,
akauliza kama anaweza kuingia.

Katika mtihani niliandika neno la mwisho
kama lilivyokuwa ubaoni.
Chini yake nikaongeza kata, na viatu
viwili vya mpima, vimeelekezwa nje.
Mwalimu akazungushia duara jekundu,
akaandika kando: Fafanua.