Hatua Tatu

Nje, ukuta wa kaskazini una hatua kumi na nne.
Ndani, unene wa kuta nimeshautoa, nikapata kumi na moja.
Nikailaumu miguu yangu.
Nikamwita Luhende, mrefu kama boriti ya mninga,
naye akatembea: nje kumi na mbili, ndani tisa na ushei.
Basi nyumba ilikuwa inatudanganya sote
kwa kipimo kilekile.

Hii ni tembe ya Bwana Zahrani, kando ya njia ya Kwihara,
Tabora ukiipa kisogo.
Miezi mitatu tulikuwa tukibandua saruji
aliyovikwa zamani kwa nia njema;
chini yake udongo umevimba, unatoka jasho
kama mgonjwa aliyefunikwa nailoni.
Tukamrudishia chakula chake:
udongo wa kichuguu, samadi, nyasi za kukata fupi,
vikalala siku tisa, vikakanyagwa.
Mlango mkubwa tukausugua kwa nta ya Sikonge
hadi maua yake ya patasi yakafumbuka
na mtoto wa jirani akataka kuyanusa.

“Msivunje,” alisema Bi Editruda, msanifu wetu.
Akagonga kwa kifundo cha kidole.
Ukuta ukaitika *du*, *du*, *du*,
halafu, penye kona,
*po*.

Tofali moja. La pili. Hewa ya kale
ikatoka taratibu, ina harufu ya chungu kikavu.
Chumba hakina mlango, hakina shubaka.
Sakafu imebonyea katikati.
Juu, chini kidogo ya fito za dari,
tundu moja, kubwa kama yai la kanga.

“Stoo ya pembe,” akasema kitukuu wa Zahrani,
upesi, kama mtu aliyekuja na jibu mfukoni.

Bi Nyamizi, mkanyaga udongo wetu,
ambaye babu wa babu yake alitoka hapa na mzigo begani
akaenda pwani, akarudi, akaenda, hakurudi,
alilitazama lile tundu, matope yakimkaukia magotini.
“Pembe hazipumui,” akasema.
Akarudi kukanyaga.

Kibao kina nafasi ya maneno arobaini.
Bi Editruda aliandika *bohari*, akafuta.
Akaandika *chumba*. Hajaongeza kitu.
Mimi kazi yangu ni ramani:
tundu nimelipima mara mbili,
nimelichora kwa wino.

Siku ya kufungua, wageni waliusifu mlango,
wakapigana picha penye maua.
Nilipita nyuma yao, nikaufuata ukuta wa kaskazini kwa ndani,
moja, mbili, hadi kumi na moja,
nikainama penye tobo tulilolitoboa,
nikavua viatu.
Miguu mitupu hupiga hatua fupi.
Nilipata kumi na tano.