Jani la Mpakani

Kaka yangu Aikaeli alirudi Mbokomu Desemba
na panga jipya na wokovu mpya.
Panga alilinunua Mbuyuni.
Wokovu, sijui.

Alianzia kaburini kwa babu.
Masale yote, chini.
"Mizimu," akasema, akajifuta jasho,
na yale majani yakabaki mabichi siku tisa
kana kwamba hayajaambiwa.

Kisha akashuka hadi kihamba chetu
kinapokutana na cha Ndekirwa, mtoto wa baba mkubwa,
mzee wa kanisa, mshika daftari la sadaka.
Huko nako akafyeka, na mpaka ukafa,
maana wetu hawakusimika mawe.
Walipanda mmea mmoja
usemao: hapa ni kwangu,
usemao: hapa amelala mtu,
na ukiuchuma jani ukalipeleka kwa jirani:
nimekukosea, nipokee.

Migomba minne ikakosa mwenyewe.
Maneno yakavuka mfongo, yakarudi na matope.

Krismasi kengele ikalia.
Bibi alisimulia kwamba vijana ishirini
waliipandisha kengele ile mabegani kutoka tambarare
wakiimba wimbo wa kuvuna ulezi,
kwa sababu za kanisani walikuwa hawajafundishwa.
Ndani, kikombe kilipita benchi hadi benchi.
Aikaeli alikuja kwa heshima ya mama tu.
Ndekirwa alikunywa. Hawakutazamana.

Mimi sina mpaka.
Binti wa kwetu hupewa baraka na kitenge.
Lakini mwaka nilioolewa
nilikata kipande cha isale pale kaburini, nikakificha kifuani,
nikakichomeka nyuma ya jiko langu Majengo,
kati ya bomba na banda la kuku.
Leo kinanipita kimo.

Kesho yake nikapanda mlima na jani moja
ndani ya khanga, kama mtoto mwenye homa.
Aikaeli akaliona, akarudi nyuma hatua.

"Jina lako," nikamwambia,
"*aika* ni shukrani ya bibi,
*Eli* imetoka kwenye Biblia.
Fyeka basi. Utaanza upande gani?"

Kibo kilikuwa kimejifunika. Ng'ombe alicheua.
Kaka akalichukua.
Akalipiga fundo vibaya,
fundo la mtu afungaye kamba ya kiatu,
akavuka mfongo akikemea kwa sauti ya chini,
sijui akimkemea nani.

Ndekirwa alilipokea kwa mikono miwili.
Hakusema neno.
Alifungua daftari la sadaka, akalilaza katikati
ya Jumapili iliyopita na ile ijayo.

Mpaka hatujaupanda bado.
Mkungu wa kwanza wa migomba ile
uliiva bila kuulizwa ni wa nani.
Mama akaukata, akautia kwenye pipa la mbege,
na Aikaeli, asiyekunywa,
ndiye aliyechochea moto.