Tiketi ya Mageti Matatu

Wameibandika dukani kwa Ndahani,
kati ya bei ya gesi na tangazo la msiba:
Tiketi moja, mageti matatu, siku saba.
Ingia utakapo, toka utakapo.
Bembea za Iyumbu, mteremko wa maji Nzuguni,
treni ndogo ya Kisasa inayozunguka bwawa lisilo na samaki.

Nimekuja na bei kiganjani. Nimeketi nazo mezani
na kalamu ya Nyemo, iliyotafunwa kisogo.

Geti moja, elfu nane kwa kichwa.
Yote matatu, elfu ishirini.
Tukienda kote, kila kichwa kinaokoa elfu nne.
Tukiishia mawili, kila kichwa kinapoteza elfu nne.
Vichwa vinne. Mbeleje bado;
aliye chini ya mita moja hamo hesabuni.
Namsimamisha kwenye fremu ya mlango, bila viatu:
tisini na saba. Anajinyoosha.
"Usijinyooshe, baba."
Sijawahi kumwomba mtoto asikue.

Foibe anachambua mlenda, hanitazami.
"Siku saba za nani?
Jumatatu uko Mtumba na mafaili yako.
Jumatano zamu yetu ya maji, mapipa yanangoja.
Ijumaa Sechelela ana kliniki ya macho.
Na huyu mdogo, ikigonga saa saba,
hata umpeleke peponi, atalala."

Namwambia ndiyo uzuri wake, haifungi mtu.
Vumbi likivuma Jumamosi, tunahamia Jumapili.

Anacheka kwa pua.
"Haifungi siku. Inafunga roho.
Kila alfajiri utatuamsha
tuwahi, tiketi isije ikafa mkononi."

Nakumbuka Idi iliyopita, Nyemo na bembea ile nyekundu:
michezo tisa tulimlipia,
akashuka, akarudi foleni, akashuka, akarudi,
mara kumi na nne bembea ileile,
nami pembeni na vipande vinane vya karatasi
vikilowa jasho.

Basi kwa nini kalamu inarudi kwenye ishirini?

Nilikuwa darasa la tano. Nane Nane.
Uzio wa mabati, tundu la msumari,
jicho langu moja.
Watoto waliingia kushoto mwa tundu,
wakipepea, midomo wazi,
wakatokomea kulia.
Duara zima sikuliona.
Jioni nilirudi na alama ya kutu shavuni,
mama akaisugua kwa mate, hakuuliza.

Huyo ndiye ninayemnunulia mageti matatu.
Hayumo katika vichwa vinne.
Hajapimwa mlangoni.

Sijamwambia Foibe. Naendelea kujumlisha
kilichokwisha kujumlishwa.

Anakung'uta mikono, anaichukua kalamu,
anaandika juu ya tarakimu zangu, kwa herufi zake za kulala:
Nzuguni. Jumamosi. Elfu thelathini na mbili.
Chini yake: bajaji kwenda na kurudi.
Chini yake: viatu vya Nyemo.
Anasita. Anairudisha kalamu mezani.

"Nilimpigia yule dada wa getini," anasema,
macho tena kwenye mlenda.
"Watu wazima wanaruhusiwa kupanda.
Nilimuuliza."

Sufuria inaanza kuimba.
Mlangoni, Mbeleje bado amesimama
kwa ncha za vidole,
akingoja apimwe upya.